Utepe, Mkalimani na Kanga: Ipi ni Filamu Bora ya Rungano Nyoni?

Ubishi huu ulianzia kwenye umeme. Ilikuwa Julai 2025, nimerudi likizo kutoka chuoni Dar es Salaam, na nyumba ya bibi yangu hapa Kashikishi, wilayani Nchelenge, ilikuwa imejaa wajukuu. Umeme ulikuwa umekatwa tangu asubuhi, jambo tulilolizoea tangu ukame wa mwaka 2024 uliposhusha maji ya Kariba. Kompyuta yangu ilikuwa na chaji ya kutosha filamu moja tu. Ndani yake nilikuwa na kazi tano za Rungano Nyoni, mwongozaji wa filamu wa Zambia, nilizokuwa nimezikusanya kwa ajili ya somo la uhakiki. Swali likawa: tutazame ipi?

Binamu yangu, anayenunua dagaa ufukweni na kuwapeleka Copperbelt, alisema I Am Not a Witch, na kwamba hilo halina mjadala. Mimi nikasema On Becoming a Guinea Fowl. Shangazi, ambaye hakuwa ameona hata moja, akasema tuchague iliyo fupi kuliko zote ili chaji itakayobaki tuchajie simu.

Mwishowe tulizitazama zote tano kwa siku nne, tukienda kuchaji kompyuta kwenye duka lenye sola karibu na soko. Tulibishana kila usiku. Makala haya ni matokeo ya ubishi ule. Nitazipanga filamu hizo kuanzia ya tano hadi ya kwanza, na nitaeleza kwa nini sikubaliani na binamu yangu, ambaye naye hajakubaliana na mimi hadi leo.

Kwanza niseme kwa ufupi mwongozaji huyu ni nani. Rungano Nyoni alizaliwa Lusaka mwaka 1982 na kukulia Cardiff, Wales. Ana filamu ndefu mbili. I Am Not a Witch, yaani Mimi Si Mchawi, ilitoka mwaka 2017, ikaonyeshwa Cannes na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya BAFTA inayotolewa kwa kazi ya kwanza. On Becoming a Guinea Fowl, ambayo mimi naiita Kugeuka Kanga, ilionyeshwa Cannes mwaka 2024, na Nyoni akagawana na mwenzake tuzo ya mwongozaji bora katika kitengo cha Un Certain Regard. Kabla ya hizo alitengeneza filamu fupi kadhaa. Tatu kati yake nimezitia katika orodha yangu: Mwansa the Great ya mwaka 2011, The Mass of Men ya mwaka 2012, na Listen ya mwaka 2014 aliyoiongoza pamoja na Hamy Ramezan.

Wapenzi wa sinema hupenda sana kupanga filamu za waongozaji wenye mtindo wa pekee. Wes Anderson wa Marekani ni mfano: ukiona picha moja tu, rangi zake za peremende na vitu vilivyopangwa kama kwa rula, unajua ni yeye. Nyoni naye ni wa kundi hilo. Katika kila kazi yake kuna jambo la ajabu ambalo halielezwi. Vikongwe wamefungwa tepe nyeupe migongoni. Mwanamke anaendesha gari usiku akiwa amevaa suti nyeusi iliyojaa upepo kama puto, anakuta maiti barabarani, wala hapigi kelele. Mtazamaji hucheka, halafu hujiuliza kama ilikuwa halali kucheka.

Watu wengi huzipanga filamu za namna hii kwa kuangalia uzuri wa ajabu hizo. Mimi nitatumia kipimo kingine. Kila kazi kati ya hizi tano ina mtu asiyesikilizwa. Kwa hiyo nauliza: ile ajabu ya mwongozaji inamsaidia mtu huyo asikike, au inazungumza badala yake? Walimu wetu wa fasihi wangesema kwamba nauliza iwapo fani inayabeba maudhui au inayakalia.

Nafasi ya tano naipa The Mass of Men. Inatokea Uingereza. Mzee wa miaka 55, asiye na kazi, anachelewa dakika tatu tu kufika kwenye ofisi ya ajira, na dakika hizo tatu zinatosha kumharibia kila kitu. Ilishinda tuzo ya filamu fupi kule Locarno mwaka 2012. Ni kazi safi, lakini imefungwa kama ngumi: inapiga mara moja na kwisha. Binamu yangu, ambaye amepanga foleni nyingi za leseni na vibali, aliielewa kuliko mimi. Alisema kosa la filamu hiyo ni kwamba sote tunajua mwisho wake tangu mzee anapokaa kwenye kiti. Nakubaliana naye. Ndilo jambo pekee tulilokubaliana wiki ile.

Nafasi ya nne ni Mwansa the Great. Hapa tunarudi Zambia, kwa mtoto wa kiume wa miaka minane anayetaka kuwa shujaa. Anavunja mwanasesere wa udongo wa dada yake, kisha anaanza safari ya kumtengeneza ili athibitishe ukuu wake. Hii ndiyo aliyoipenda shangazi, kwa sababu, alisema, watoto wale wanacheza kama watoto na hawachezi kama watu wazima waliofupishwa. Ni kweli. Tena ndani yake mna mbegu ya yote yaliyofuata, kwa kuwa dada wa Mwansa anaitwa Shula. Msichana wa I Am Not a Witch naye anaitwa Shula. Mwanamke wa On Becoming a Guinea Fowl vilevile ni Shula. Ni kama mwongozaji amekuwa akimfuata msichana mmoja tangu alipovunjiwa mwanasesere, akitaka kujua ukubwani atakuwa nani. Lakini katika filamu hii ya kwanza tunamfuata kaka. Shula ndiye aliyeumizwa, na safari ni ya aliyemuumiza. Kwa kipimo changu hilo linaiacha hapo ilipo, ingawa moyo wangu unaipenda.

Sasa nafika kwenye ugomvi wenyewe. Nafasi ya tatu naipa I Am Not a Witch, na najua wasomaji wengi watakunja uso kama alivyokunja binamu yangu.

Hadithi ni hii. Msichana mdogo asiye na ndugu anayejulikana anatuhumiwa uchawi. Kituo cha polisi kinapokea ushahidi, ukiwemo wa mwanamume anayesimulia jinsi msichana yule alivyomkata mkono kwa shoka, kisha inajulikana kwamba ilikuwa ndoto, na mkono wake upo. Afisa wa serikali, Bwana Banda, anamchukua na kumpeleka kwenye kambi ya wachawi, ambako vikongwe wamefungwa tepe zilizozungushwa kwenye magurudumu makubwa juu ya lori. Wanaambiwa kwamba atakayekata utepe wake atageuka mbuzi. Msichana anapewa usiku mmoja wa kuchagua: mchawi au mbuzi. Anachagua kubaki na utepe, na vikongwe wanampa jina la Shula. Kuanzia hapo anatumikishwa: anachagua mwizi katika mstari wa wanaume, huku akiwapigia simu bibi zake wa kambini kuomba ushauri, anapelekwa kwenye televisheni kutangaza mayai, na mwisho anatakiwa alete mvua.

Hoja za binamu yangu zilikuwa nzito, na sitaki kuzipunguza uzito. Kwanza, alisema, hakuna picha katika sinema ya Afrika ambayo imemkaa kichwani kama zile tepe nyeupe zikipepea juu ya lori. Pili, filamu inamkejeli mtu anayestahili kukejeliwa. Zambia ina Sheria ya Uchawi tangu mwaka 1914, na kwa sheria hiyo kumwita mtu mchawi ni kosa. Katika filamu mambo yamepinduliwa: serikali, iliyotakiwa kumwadhibu mtuhumu, ndiyo inayomiliki watuhumiwa na kuwaonyesha kwa watalii. Tatu, alisema kwa sauti ya chini, sisi wa ufukweni tusijifanye hatujui. Mtu akizama ziwani, au nyavu zikirudi tupu siku kadhaa mfululizo, maneno huanza, na maneno hayo hayamwendei kijana mwenye boti na injini. Humwendea mama mzee anayeishi peke yake.

Yote hayo ni kweli. Hata hivyo, angalia kinachotokea. Kambi za watu waliotuhumiwa uchawi zipo kaskazini mwa Ghana, na Nyoni alikwenda kukaa katika mojawapo wakati wa kufanya utafiti. Kwetu Zambia mzee anayetuhumiwa hapelekwi kambini. Hubaki palepale, kati ya watu wanaomjua kwa jina, au hukimbilia kwa ndugu wa mbali, au huuawa. Filamu imechukua kambi kutoka Ghana, ikaongeza utepe ambao haupo popote isipokuwa akilini mwa mwongozaji, ikaviweka vyote Zambia. Kisanaa ni halali. Msanii halazimiki kuandika ripoti. Lakini utepe una gharama yake. Unaniambia kwamba aliyetuhumiwa amefungwa na kitu kinachoonekana, na kwamba kuna mkasi unaoweza kukikata. Anayetuhumiwa hapa ufukweni hana utepe. Amefungwa na jinsi majirani wanavyonyamaza anapopita.

Bibi yangu ndiye aliyenisaidia kuona shida kubwa zaidi. Alikuwa amekaa nyuma yetu akichambua maharage, na tulidhani hatazami. Filamu ilipoisha, tepe zikapepea na mvua ikanyesha, sote tukanyamaza. Bibi akauliza, "Sasa huyu mtoto, mama yake ni nani?"

Binamu yangu akamweleza kwamba filamu haisemi, na kwamba kutosema huko ndiko usanii. Bibi akajibu kwamba mtoto ambaye hana hata shangazi mmoja hajatoka Zambia, ametoka kwenye kitabu. Kisha akaendelea na maharage yake.

Nadhani bibi aligusa penyewe. Shula wa kambini hana jana. Anasema maneno machache mno. Maggie Mulubwa, mtoto aliyemwigiza, ana uso unaoweza kubeba filamu mbili, lakini filamu inauomba uso ule ukae kimya ili picha ziseme. Mara moja tu ukimya huo unavunjwa na swali la kweli: katika kipindi cha televisheni, mtazamaji anapiga simu na kuuliza, je, kama huyu ni mtoto tu? Hakuna anayejibu. Ni sehemu bora kuliko zote katika filamu nzima, na haina utepe hata mmoja. Binamu yangu alisema kwamba Shula kunyamaza ndiyo hoja yenyewe ya filamu. Mimi nasema kuonyesha kwamba mtu amenyamazishwa ni hatua ya kwanza, na ni hatua nzuri, lakini kipo kinachofuata baada yake. Nafasi ya tatu basi.

Nafasi ya pili ni Listen, filamu ya dakika 13 ambayo wengi hawaijui. Hapa lazima nitoke kidogo kwenye filamu, kwa sababu singeweza kuiweka juu ya I Am Not a Witch bila kusema ukweli kuhusu mimi mwenyewe.

Listen inatokea Copenhagen. Mwanamke mgeni, aliyejifunika mwili mzima, amekwenda kituo cha polisi pamoja na mwanawe kushtaki ukatili wa mumewe. Anazungumza Kiarabu. Polisi wanazungumza Kidenmark. Katikati yao amekaa mkalimani, mwanamke pia, na mkalimani huyo hataki kuyafikisha maneno ya yule mama kama yalivyo. Filamu ndiyo hiyo. Haina lori wala mbuzi wala mvua. Kitu chake cha ajabu ni chumba kimoja chenye watu wanaosikia sauti ileile na kupata habari tofauti.

Katika banda la video mkalimani ni mfalme. Nilipofika Dar es Salaam wenzangu walinisimulia juu ya Lufufu, aliyekuwa akizitafsiri filamu za kigeni kwa Kiswahili na kuzitia vichekesho vyake, na kule Kenya wana DJ Afro anayefanya hivyohivyo. Watu hulipa kumsikiliza mtafsiri kuliko filamu yenyewe. Akiongeza chumvi, hakuna anayeumia. Listen inauliza swali la upande wa pili: je, anayetafsiriwa akiwa amekaa mbele yako, na maisha yake yanategemea kinywa chako?

Mimi nimewahi kukaa kwenye kiti cha mkalimani yule. Mwaka 2017 watu wengi walivuka kutoka Kongo kukimbia mapigano, wakapokewa Kenani hapa wilayani, na mwaka uliofuata wakaanza kuhamishiwa Mantapala. Nilikuwa na miaka 14. Kiswahili nilikijua tangu utotoni, kwa sababu wafanyabiashara wa Kilwa na Pweto, ng'ambo ya ziwa, walikuja sokoni kila wiki na shangazi aliuza meza moja nao. Siku moja niliombwa na mtu mzima, katika ofisi ambayo sitaitaja, nimsaidie mama mmoja aliyekuwa hajui Kibemba. Mama yule aliulizwa kwa nini hataki kurudi kulala katika nyumba aliyokuwa amepewa hifadhi. Akamtaja mwanamume wa nyumba ile, akasema, "Alinishika kwa nguvu."

Kila anayejua Kiswahili cha upande ule anaelewa maana yake. Nami nilielewa. Lakini mbele yangu walikaa wanaume wawili wa umri wa baba yangu, na sikuweza kulitoa neno lile mdomoni. Nikatafsiri kwa Kibemba kwamba mwanamume yule alimshika mkono, akamkaza. Nilitafsiri neno kwa neno, na kwa njia hiyo nikasema uongo. Wakaandika kwamba kulikuwa na ugomvi wa nyumbani. Mama yule alinitazama. Hakujua Kibemba, lakini alihesabu: yeye alikuwa amelia, na waliomsikiliza hawakushtuka.

Sijui alikwenda wapi. Nilipoitazama Listen mara ya kwanza, chumbani kwangu chuoni, niliisimamisha katikati na kutoka nje. Binamu yangu aliposikia habari hii alinyamaza kidogo, kisha akasema jambo ambalo lazima niliandike kwa kuwa ni pingamizi la haki. Alisema, "Basi wewe hupangi filamu, dada. Unapanga dhambi zako."

Huenda ni kweli. Lakini namjibu hivi. Mhakiki asiyeletwa kwenye kazi ya sanaa na kitu chochote cha maisha yake ataishia kuhesabu rangi. La muhimu ni kama kile alichokuja nacho kinamwonyesha jambo lililomo kweli ndani ya kazi, ambalo mwingine anaweza kulihakikisha. Nami nasema limo. Listen ni ufunguo wa Nyoni. Ukishaiona, unagundua kwamba I Am Not a Witch nayo imejaa wakalimani wabaya: polisi anayeigeuza ndoto kuwa ushahidi, Bwana Banda anayemsemea mtoto mbele ya kamera, hata Charity, mke wa Banda aliyewahi kuwa mchawi na sasa anatembea na utepe wake mkononi, akimfundisha Shula kwamba heshima hupatikana kwa kutii. Tofauti ni kwamba katika Listen mtazamaji anapewa tafsiri sahihi chini ya picha. Tunajua yule mama amesema nini. Kwa hiyo hatuwezi kujificha nyuma ya uzuri.

Kwa nini basi isiwe ya kwanza? Kwa sababu inakomea pale ambapo kosa limetendeka. On Becoming a Guinea Fowl inaanzia hapo.

Shula, aliyeigizwa na Susan Chardy, anatoka kwenye sherehe ya mavazi ya kuigiza. Amevaa kama mwanamuziki wa Marekani Missy Elliott katika video yake ya mwaka 1997, ndiyo maana ya ile suti ya puto. Maiti anayoikuta barabarani ni ya mjomba wake, Fred. Kinachofuata ni matanga. Vyombo vinatolewa ndani, wanawake wanalala sakafuni, shangazi na mama wadogo wanalia kwa zamu na kumuuliza Shula mbona halii, wanaume wamekaa nje wakisubiri chakula. Polepole tunaelewa kwamba Fred aliwanajisi Shula, binamu yake Nsansa, na Bupe aliye mdogo kwao. Wakubwa wanajua, au walikuwa na nafasi ya kujua. Na lawama zote za kifo zinamwangukia mjane, msichana mdogo mwenye watoto, eti hakumlisha mumewe vizuri.

Ugeni wa mtindo umebaki, lakini umetulia. Shula anahudhuria kikao cha kazi kwa kompyuta huku matanga yakiendelea. Anamfuata Bupe katika bweni lililofurika maji. Mtoto mdogo, ambaye ni Shula wa zamani, anasimama kando ya maiti na kutazama. Hakuna ajabu hata moja iliyotoka mbali. Kila moja ni kumbukumbu inayokataa kulala.

Kuna mambo mawili ambayo mtazamaji wa Ulaya hawezi kuyapata, na sisi tunayapata bure. La kwanza ni neno mjomba. Maandishi ya Kiingereza yanasema ankali, neno ambalo kwao ni la yeyote yule, kaka wa baba au kaka wa mama. Lakini Fred ni kaka wa mama. Kwa Wabemba, na kwa watu wengi wa Luapula, ukoo hufuatwa kwa mama, na kaka wa mama ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada zake. Kumshtaki yama, kama tunavyomwita, ni kuukata mti uliokalia. Kiswahili kinalibeba hilo vizuri kuliko Kiingereza, kwa kuwa kina neno lake maalumu. Ndiyo maana nilipomweleza shangazi kwa ufupi, hakuuliza "alikuwa nani kwao?" Aliuliza, "Na mama zao walimlilia kaka yao?" Ndiyo, walimlilia. Uzito wote wa filamu umekaa kwenye swali hilo.

La pili ni kanga. Kwa Kibemba ndege huyu ni ikanga, na kwa Kiswahili ni kanga. Katika filamu kipindi cha zamani cha watoto kwenye televisheni kinaeleza kwamba kanga ana faida kwa wanyama wengine, kwa sababu akimwona adui hupiga kelele na wote husikia. Wenzangu wa pwani wanajua kwamba jina hilohilo ndilo la vazi la mwanamke lenye jina lililoandikwa chini, vazi linalomsemea jambo asiloweza kulitamka mbele ya mkwe au jirani. Sidhani Nyoni alikuwa akifikiria Zanzibar. Lakini anayetazama kwa masikio ya Kiswahili hawezi kukwepa: ndege anayepiga kelele na nguo inayosema ni neno moja.

Kwa hiyo sauti inapotoka mwishoni, mbele ya ukoo uliokaa kugawana mali ya Fred na kumlaumu mjane wake, si utepe tena. Kwa sheria ya mirathi ya Zambia ya mwaka 1989, mtu akifa bila wosia, mali yake hugawanywa asilimia 50 kwa watoto, 20 kwa mwenzi wake, 20 kwa wazazi na 10 kwa wategemezi. Ukoo ule haujali. Sheria ipo kwenye karatasi kama ile ya mwaka 1914. Kinachobaki ni koo la mtu. Ajabu ya mwongozaji, kwa mara ya kwanza, imeingia mdomoni mwa yule aliyenyimwa sauti, naye anaitumia mwenyewe.

Nikiri udhaifu. Filamu inawaacha wanaume karibu wote kuwa vivuli vinavyodai chakula, na Fred mwenyewe hatumjui. Binamu yangu alilalamika kwamba yeye amebeba majeneza, amechimba makaburi, na hakujiona humo. Ana haki ya kulalamika. Pia wapo watakaosema kwamba kelele ya kanga ni ishara tu, haimfungi mtu jela. Ni kweli. Lakini nilishuhudia inachofanya. Katika sehemu ambapo shangazi na mama wanawakumbatia akina Shula ghalani, wanawaimbia, wanawafariji, kisha kesho yake matanga yanaendelea kama kawaida, shangazi yangu aliondoka akasema anakwenda kuangalia moto. Moto ulikuwa umezimwa tangu saa moja. Aliporudi alikaa karibu na mimi, akatazama hadi mwisho, na hakusema lolote kuhusu chaji ya simu.

Basi orodha yangu ndiyo hii: Guinea Fowl, Listen, Witch, Mwansa, Mass of Men. Ya binamu yangu inaanza na Witch na kuimaliza Listen mkiani, kwa sababu, anasema, filamu ya watu watatu chumbani ni mchezo wa redio. Bibi alikataa kupanga. Alisema mtoto asiye na mama amemkera na hawezi kufikiria mengine.

Sasa ninayatafsiri maandishi ya On Becoming a Guinea Fowl kwa Kiswahili, nikiyatoa moja kwa moja kwenye Kibemba inapowezekana, ili siku nikirudi Kashikishi niweze kuionyesha kwa akina mama wa Kongo wanaouza sokoni na shangazi. Kazi inakwenda taratibu. Nimefika pale Bupe anapojirekodi kwa simu na kusimulia alichofanyiwa. Kuna njia laini ya kuliandika neno lile, na kila mtu angelielewa, na hakuna ambaye angeona haya. Nimeliandika kwa njia ile, nikalifuta. Nimeandika neno lenyewe.